Kurasa za Mengo

Albert Cook alifika Kampala Februari 1897 akitokea Mombasa kwa miguu, katika msafara wa wamisionari wa Church Missionary Society. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mwaka haukuisha kabla hospitali ya Mengo haijaanza kupokea wagonjwa kwenye kilima cha Namirembe, na daktari huyo alikuwa tayari amejijengea tabia ambayo naihesabu kuwa zawadi yake kubwa kuliko zote alizoiachia Uganda: aliandika. Mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa kurasa zake, nani, kaja na maumivu gani, daktari kaona nini, kafanya nini, na mwisho wake ukawa upi. Ndugu yake Jack alipojiunga naye mwaka 1899 akaifuata desturi hiyo hiyo. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali. Ikajengwa nyingine, na uandishi ukaendelea.

Leo kurasa hizo ni sehemu ya hazina ya Maktaba ya Albert Cook, maktaba ya tiba ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoko Mulago. Mwanafunzi wa udaktari huingia pale kutafuta kitabu cha mwaka huu, kwa sababu mtihani hauulizi daktari wa 1908 alifikiri nini kuhusu homa. Lakini chini ya paa hilo hilo zimo sauti za watu waliougua Buganda kabla babu zake hawajazaliwa, na zimekaa kimya tu kwa kuwa hakuna aliyezisogelea na swali.

Swali lilikuja. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe wa namna ile. Baadaye akamwona mwingine, kisha wengine, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu saratani hiyo ya taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari la mitumba wakasafiri kilomita zinazokaribia 16,000 wakipita hospitali baada ya hospitali, Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, wakiuliza: je, hapa kwenu yupo? Walichora ramani ya mahali ugonjwa ulipo na mahali usipokuwepo, na ramani ile ikaonyesha kwamba unapenda joto na mvua, kule kule kunakostawi malaria. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kuona ndani yake kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr.

Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi, na husimuliwa kama hadithi ya gari na darubini. Sehemu yake ya maktaba huachwa. Ramani iliwaambia madaktari ugonjwa uko wapi, ila haikuweza kuwaambia ulianza lini. Je, ni ugonjwa mpya, ulioletwa na kitu kilichoingia juzi, dawa fulani, chakula fulani, maisha ya mjini? Au ulikuwepo siku zote na hakuna aliyeutambua? Tofauti ni kubwa, maana anayetafuta chanzo cha jambo jipya hutazama upande mmoja, na anayetafuta chanzo cha jambo la kale hutazama upande mwingine kabisa. Kumbukumbu za wazee zisingetosha kulijibu swali hilo. Zilifunguliwa kurasa za Mengo. J.N.P. Davies, pamoja na Elmes, Hutt, Mtimavalye, Owor na Shaper, walizipitia kumbukumbu za saratani za hospitali ile kuanzia 1897 hadi 1956, wakachapisha matokeo yao katika British Medical Journal mwaka 1964. Watoto wenye uvimbe wa taya walikuwemo humo, wameandikwa miongo mingi kabla Burkitt hajaitwa kumtazama yule wa Mulago.

Hapo ndipo ninapopenda kutua. Aliyeandika habari za watoto wale hakuwa anathibitisha nadharia yoyote. Daktari anapoandika kwenye faili hana habari na mtafiti wa miaka hamsini ijayo. Anaandika ili mwenzake wa zamu ya usiku ajue dozi ya mwisho imetolewa saa ngapi. Kwa sababu hiyo hiyo maandishi yake huaminika: hayakuandikwa ili yamfurahishe mtu. Majina mawili kati ya yale sita ya 1964, Mtimavalye na Owor, ni ya Waafrika waliosoma habari za wagonjwa wa nchi hizi na kuzisemea mbele ya dunia nzima ya utabibu. Mtu akiniuliza maktaba ya kale ya tiba inafaa nini, nitamwonyesha makala hiyo kabla ya kusema neno lolote.

Na karatasi siyo namna pekee ya hifadhi. Kinshasa, katika idara ya patholojia ya chuo kikuu, vilikuwepo vipande vidogo vya nyama za wagonjwa vilivyogandishwa ndani ya nta tangu enzi za ukoloni, kila kipande na namba yake. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake, miongoni mwao wanasayansi Wakongo, walitangaza kwamba katika kipande cha tezi ya mwanamke kilichokatwa mwaka 1960, mji ukiitwa bado Léopoldville, wamesoma chembe za urithi za kirusi cha UKIMWI. Walipozilinganisha na zile za damu iliyotolewa mji huo huo mwaka 1959, tofauti zilikuwa kubwa kiasi kwamba kirusi hicho lazima kiwe kilikuwa kikienea kimya kimya kwa miongo kadhaa. Walikadiria mzizi wake kati ya 1884 na 1924. Fikiria uvumi uliotawala vijiweni kwetu katika miaka ya 1980, nani kauleta, nani kalaaniwa, nani kautengeneza maabara. Jibu lilikuwa kwenye kabati, ndani ya nta, na lingetupwa kama taka siku yoyote ambayo mtu angehitaji nafasi.

Tulipofika sasa, mengi ya hayo yanasomeka kwa simu. British Medical Journal imewekwa wazi kwenye mtandao tangu matoleo yake ya 1840, kwa kazi ya pamoja ya Wellcome Trust ya London na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani iliyoko Bethesda. Anayesoma Morogoro au Kisumu, akiwa na bando la kutosha, anaweza kuifungua makala ya Davies na wenzake usiku huu bila kulipa senti kwa mchapishaji. Anaweza pia kurudi nyuma zaidi hadi mwaka 1872, akamkuta daktari James Christie wa Unguja akieleza ugonjwa ambao wenyeji waliuita kidinga pepo: homa ya ghafla, upele, na maumivu ya viungo yanayomkunja mtu na kurudi hata baada ya kupona. Ulikuwa umepita kisiwani mwaka 1870, na wazee walimwambia kwamba uliwahi kupita zamani, takriban 1823. Kwa muda mrefu vitabu viliuhesabu kuwa dengi. Karne moja baada ya Christie, mwaka 1971, Donald Carey aliyasoma upya maelezo ya kale na kuonyesha kuwa yale maumivu ya viungo yanayong'ang'ania yanafanana zaidi na chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa rasmi kusini mwa Tanganyika, kwenye uwanda wa Makonde, mwaka 1952 na 1953. Wazee wa Unguja walitoa ushahidi wao kwa usahihi, ukaja kueleweka baada ya miaka mia.

Christie huyo huyo aliandika kitabu kizima kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki, kilichochapwa London mwaka 1876, nacho kimo mtandaoni kurasa zote. Alifuatilia jinsi janga la 1869 lilivyoshuka na njia za misafara kutoka bara, likapita nchi ya Wamasai hadi Pangani, kisha likavuka maji na kuingia Unguja. Hakuipita njia ile yeye mwenyewe. Aliuliza. Aliwasikiliza wafanyabiashara wa misafara na watu wa pwani waliojua maji yako wapi na mwendo wa siku ngapi. Ukikisoma kwa makini unasikia Waswahili wakizungumza ndani ya Kiingereza chake. Mimi naona elimu ile ni yetu pia, na kuifungua ni kuichukua iliyo yetu.

Lakini si kila aliyemo humo amepewa jina. Mwaka 1879 mmisionari Robert Felkin alikuwa Kahura, katika Bunyoro, akashuhudia mama wa miaka ipatayo ishirini, mimba yake ya kwanza, akifanyiwa upasuaji wa kutoa mtoto. Aliyaeleza aliyoyaona katika jarida la tiba la Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyo, akaliosha nayo tumbo, kisha kwa maji. Akapasua. Msaidizi aligusa kwa chuma cha moto mahali palipotoka damu. Mtoto alitolewa, kondo likatolewa, mji wa mimba ukakandwa hadi ukakaza, na jeraha likafungwa kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri, zikazungushiwa nyuzi za gome la mti, likapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, na mama na mwanawe walikuwa hai.

Katika miaka hiyo upasuaji wa namna hiyo Ulaya ulikuwa bado unaua akina mama wengi mno. Yule mganga wa Kahura alifanya kazi kwa mpangilio na utulivu unaoonyesha kwamba hakuwa anajaribu, alikuwa ameizoea. Nani alimfundisha? Hatuna jina lake. Hatuna jina la mama. Mchoro wa tukio lile umezunguka dunia, na jina tulilonalo ni la mgeni aliyetazama. Nimeutazama mchoro huo mara nyingi kwenye skrini, na kila mara uchungu hunijia pamoja na fahari. Bila kalamu ya Felkin tusingejua lolote, na bado kalamu ile haikuona haja ya kuuliza, "Mzee, unaitwa nani?" Hifadhi ya kidijitali haiwezi kurudisha kilichoachwa kuandikwa. Inachoweza ni kuiweka picha mbele ya macho ya Mnyoro wa leo, ambaye pengine nyumbani kwao lipo neno, hadithi, au jina la ukoo wa waganga ambalo halijapata kuandikwa popote. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kutaka nakala zirudi zilikotoka.

Sababu nyingine ni ngumu zaidi. Mwaka 1901 ndugu wawili wa Mengo walikuwa wa kwanza kuutambua ugonjwa wa malale Uganda. Uliendelea kuua kando ya Ziwa Viktoria kwa miaka mingi, na waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Ndipo alipokuja Robert Koch wa Berlin, mwanasayansi mwenye tuzo ya Nobeli, akapiga kambi visiwani Ssese mwaka 1906 na 1907. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na alipoona haiponyi akaongeza dozi. Baadhi yao walipofuka, wasione tena hadi kufa kwao. Tunayajua haya kwa sababu yameandikwa. Hayakuandikwa na waliopofuka, yaliandikwa na walioshika sindano. Nyaraka za tiba zina huruma ya Mengo na zina madhara ya Ssese, na anayechagua kuhifadhi upande mmoja tu anadanganya. Wajukuu wa watu wa Ssese wana haki ya kuyasoma maandishi hayo katika lugha wanayoielewa.

Hapo huwa naulizwa: basi si tupige picha kila faili, tuweke yote mtandaoni? Hapana. Faili la mgonjwa si gazeti. Humo mna kaswende ya mtu, mimba ya binti wa mtu, wazimu wa mtu. Jina lililoandikwa Mengo mwaka 1920 linaweza kuwa jina la babu wa jirani yako, na vijiji vyetu havisahau upesi. Mgonjwa yule alivua nguo mbele ya daktari kwa sababu alikuwa anaumwa. Hakuvua mbele ya ulimwengu. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data za watu mwaka 2019, na Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria ni mwanzo mzuri, lakini adabu inatakiwa itangulie. Makala za majarida, vitabu, ramani, ripoti za wizara na picha zisizomwonyesha mtu uchi wake zifunguliwe kwa wote. Mafaili yapigwe picha ili yasipotee, yabaki chini ya ulinzi, na atakayetaka kuyasoma aombe, ajieleze, na afiche majina. Picha nyingi za kikoloni za miili ya wagonjwa, zilizopigwa bila mtu kuombwa ridhaa, mimi ningezizuia hata leo, japo watafiti wengine watanilaumu.

Tena kupiga picha ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo rahisi. Picha elfu kumi zilizopewa majina ya namba na kamera ni msitu usio na njia. Lazima akae mtu asome: huyu ni mwaka gani, wodi gani, ugonjwa gani, mwandiko wa nani. Mashine zinazosoma maandishi ya chapa hukwama mbele ya mwandiko wa daktari mwenye haraka, hasa anapoandika jina la Kiganda kama lilivyomwingia sikioni mwake. John Shaw Billings alilielewa hili zamani. Alipokabidhiwa maktaba ya jeshi la Marekani mwaka 1865 ilikuwa na vitabu elfu mbili na ushei. Alipoiacha mwaka 1895 vilizidi laki moja. Lakini sifa yake haiko katika wingi wa vitabu. Iko katika orodha: Index Medicus aliyoianzisha mwaka 1879, na juzuu za Index-Catalogue zilizoanza kutoka mwaka 1880, zikimwambia daktari wa mbali nani kaandika nini na kitapatikana wapi. Maktaba hiyo ndiyo iliyokua ikawa ile ya Bethesda, na kutoka katika orodha zake ikazaliwa PubMed, iliyofunguliwa bure kwa dunia nzima mwaka 1997. Kitabu cha kale kuliko vyote katika maktaba hiyo ni cha Kiarabu, sehemu ya kazi ya tabibu al-Razi kuhusu magonjwa ya tumbo, nakala iliyokamilishwa mwaka 1094. Karatasi ile ina zaidi ya miaka mia tisa na inasomeka. Hakuna diski yoyote niijuayo inayoweza kuahidi hata theluthi ya umri huo.

Kwa hiyo anayesema "tumeshaiweka kwenye kompyuta, choma karatasi" hajui anachokisema. Faili la kidijitali huhitaji kulishwa umeme, kuhamishwa kila vifaa vinapozeeka, kunakiliwa mahali pawili au patatu palipo mbali mbali, na kukaguliwa mara kwa mara kuona kama halijaharibika. Mradi wa wafadhili hudumu miaka mitatu, kisha gari la mradi huondoka na nywila huondoka na mtu. Kinachodumu ni mshahara wa karani aliyeajiriwa na kufundishwa, na bajeti ndogo isiyokatwa. Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilizipokea nyaraka za wilaya ya Kabarole zilizokuwa zikiharibika, kikazisafisha, kikazipanga na kuzipiga picha pale pale Uganda. Inawezekana, na imefanyika kwa mikono ya watu wa huku.

Hospitali zetu kongwe bado zina mengi. Nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, kwenye chumba ambacho ufunguo wake unashikwa na mtu mmoja anayekaribia kustaafu, kuna rejesta za wodi ya wazazi, vitabu vya maabara, orodha za chanjo ya ndui, kadi za kifua kikuu. Mchwa wamo humo pia. Kila mwaka mahali fulani hutolewa amri ya kusafisha stoo, na moshi unaopanda ni wa majibu ya maswali ambayo madaktari wa 2060 watatamani kuuliza.

Wewe mganga mkuu, wewe katibu wa afya, wewe mtunza masjala: kabla hujatia saini amri hiyo, wapigie simu watu wa Nyaraka za Taifa, iwe Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi au Kampala, na wapigie walimu wa historia wa chuo kilicho karibu nawe. Waombe waje waone kwanza. Weka maboksi juu ya mbao, yasiguse sakafu. Mkalishe mzee wa masjala na kijana mwenye kompyuta, ili mzee aseme rejesta ipi ni ya nini kabla hajastaafu. Na ukikuta kitabu kilichoandikwa jina la mkunga, la dresa au la mganga wa kienyeji, ianzishe orodha yako kwa jina hilo.